Mlango wa Bi Pindo

Khraaap.

Ukitaka kumjua Bi Pindo, anzia kwenye sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya mlango wake wa mbele, mlango wa mbao mzito uliovimba kwa mvua za miaka mingi na kukataa kurudia unene wake wa ujana. Ulipousukuma, ukingo wake wa chini ulikwaruza saruji kutoka kizingitini hadi ukutani. Ulikuwa umekwisha kuchimba sakafuni alama nyeupe iliyopinda, na siku za kupiga deki alama hiyo ilibaki na maji.

Kila jioni Bi Pindo alirudi kutoka kazini na vitambaa kwapani, akausukuma mlango kwa bega, na kila jioni aliutukana.

"Limlango gani hili! Iko siku litanitegua bega, halafu tuone nani atawalisha humu ndani!"

Kazi yake ilikuwa kushona mapazia na kwenda kuyatundika katika nyumba za watu. Jina la Bi Pindo alipewa na wateja, kwa sababu akiingia sebuleni kwa mtu, kabla salamu hazijaisha, alikuwa ameshainama, ameshika pindo la pazia lililopo, analigeuza upande wa nyuma. Kisha anaguna. Mguno huo tu ulitosha. Mwenye nyumba aliyekuwa ameridhika na pazia lake asubuhi hiyo aliagiza jipya kabla ya chai kupoa.

Kwa wateja alikuwa mpole, sauti yake nyororo, "ndiyo mama, bila shaka baba." Ukali wake aliuweka akiba na kuja nao nyumbani. Aligombana na cherehani, akaliita jike lisilo na adabu. Aligombana na pasi, na dirisha la jikoni, na mumewe. Vitu vya wengine hakuvigombeza kamwe. Vya wengine vilimhusu nini? Wanawe walipaswa kulijua hilo. Waliishi naye chini ya paa moja, wakanyonya maziwa yake, lakini hawakulijua, na humo ndimo ilimokuja kutokea balaa.

Mumewe alikuwa fundi wa rangi, mtaani wakamwita Mzee Rangi. Alipaka nyumba za watu mpaka presha ya macho ilipoanza kumla. Ilianza kingoni, ikaja polepole katikati, kama mtu anayevuta pazia pande zote mbili. Siku dirisha lilipofungwa kabisa alisema, "Maisha yangu yote nimewachagulia watu rangi. Sasa nimebaki na moja tu, na hata hiyo sikuichagua mimi."

Lakini ndani ya nyumba yake Mzee Rangi hakuwa kipofu. Alitembea peku, na miguu yake iliisoma sakafu. Palikuwa na ufa mwembamba uliotoka chini ya dirisha hadi kwenye pipa la maji. Aliufuata kwa kidole gumba akaenda kuchota maji yake mwenyewe, akachemsha chai yake mwenyewe, akaiunguza mwenyewe. Palikuwa na kibonde cha mlangoni. Na katikati, kati ya chumba cha mbele na cha kulala, palikuwa na tuta dogo, juu kidogo kuliko unene wa kidole.

Tuta hilo lilikuwa na kisa chake. Walipojenga, saruji iliwaishia nusu ya nyumba. Wakahamia hivyohivyo, wakalala kwenye nusu iliyokauka huku ng'ambo ya pili ikiwa bado udongo, na Bi Pindo, wakati huo bibi harusi, alilia kwa hasira kila alipofagia. Mvua zilipokwisha Mzee Rangi akapata saruji nyingine, akamwaga mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa fundi wa rangi, si mwashi, pande mbili hazikulingana. Palipokutana pakabaki tuta. Bi Pindo akafoka. Mumewe akamwambia, "Tulia, mke wangu. Nimekukunjia pindo." Tangu siku hiyo waliliita pindo la nyumba. Wenyewe wawili tu. Ni mambo ya wake na waume, watoto hawaambiwi.

Na mlango ulimwambia mzee nani anaingia. Binti yao wa mwisho, Kitinda, aliusukuma mara mbili, ya pili kwa teke. Mwana wao wa kwanza, Kifungua, aliuinua kidogo kwa kitasa usikwaruze, kwa kuwa ni fundi na fundi hapendi kuumiza kitu. Jirani yao Mama Magunia, muuza mkaa, aliufungua nusu, akaingiza kichwa na kupiga kelele. Bi Pindo aliusukuma mara moja, mkwaruzo mrefu, na katika urefu huo mumewe alisoma siku yake nzima.

"Leo umechoka," alimwambia. Au, "Leo kuna mtu kakuudhi."

"Umejuaje?"

"Mlango umekusengenya."

Ndipo Bi Pindo alipokaa, akavua viatu, akaanza kutapika nyumba za watu. "Leo nimetundika pazia kwenye sebule, ukimwita mtu upande huu, wa upande ule hasikii. Sakafu inang'aa, unajiona mpaka kidevu! Na sisi hapa, tazama, viraka vitupu. Nyumba imeungwaungwa kama nguo ya mwendawazimu."

"Basi ungebaki hukohuko na kidevu chako."

"Ningebaki, nani angekutilia chumvi kwenye chakula?"

Wakacheka. Ila Kifungua, aliyekuwa akila pembeni, hakucheka. Yeye alikuwa fundi wa vigae. Alitandika vigae kwenye mabafu, kwenye majiko, kwenye baraza za watu ambao hawakujua jina lake, akarudi kula kwenye sakafu ya saruji yenye ufa, huku mama yake akilalamika. Kila neno alilimeza pamoja na tonge. Mafundi wenzake nao walimtania: "Eti kwenu bado mnakanyaga saruji? Kaka, wewe unauza viatu halafu mama yako anatembea peku!" Kifungua alicheka nao, lakini usiku hakulala vizuri.

Akaanza kuweka mabaki. Kazi ikiisha, vigae vinavyobaki mwenye nyumba huwa hana haja navyo, na Kifungua akaviomba. Vitatu vya hapa, kumi vya pale. Alivipanga kwa rangi zilizokaribiana, akavihifadhi kwa rafiki yake, na kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na mchumba yeyote. Vilipotimia, Kitinda akawaalika wazazi kwake kwa wiki moja, eti kuna daktari mpya wa macho. Daktari alikuwepo kweli, akayatazama macho ya mzee na kusikitika kwa adabu. Wiki ikaisha. Wakarudi, Kitinda akiwasindikiza.

Bi Pindo alitangulia, mabegi mikononi. Kutoka mbali aliona mlango ni mwingine, wa chuma, umepakwa rangi ya kahawia, lakini bega lilikuwa limeshazoea. Akajitupa nao kama kawaida yake.

Mlango ule ulifunguka kama karatasi. Bi Pindo akaingia nyumbani kwake mbio asizozipanga, akateleza juu ya kitu kinachong'aa, akapiga kelele, akashika kitu cha kwanza alichokifikia. Kilikuwa pazia. Akaja nalo lote, na bomba lake, na pete zake. Alipotulia alikuwa amekaa chini, mapaja yamefunikwa kitambaa cha zambarau, na mkononi ameshika pindo.

Akaligeuza. Halikushonwa. Lilikuwa limegandishwa kwa utepe wa gundi, ule unaopigwa pasi.

"Karibu nyumbani, mama!" Kifungua alisema kutoka pembeni, mikono ameitandaza, meno yote nje.

"Pazia," alisema Bi Pindo. "Nani kaninunulia mimi pazia?"

"Mimi, mama," Kitinda akajibu, akimwinua. "Tulitaka usishone. Tulitaka upumzike."

Bi Pindo alifungua mdomo, na laiti angeyatoa aliyokuwa nayo, labda yote yangeishia hapo. Lakini nyuma yake Mzee Rangi alikuwa anaingia. Alivua viatu kama ada yake, akaweka mguu ndani. Akausogeza kushoto. Akausogeza kulia. Mguu ulitafuta na haukupata kitu. Kote kulikuwa ubaridi mmoja, laini, usio na jina. Akasimama palepale akashusha sauti, ile sauti ya mtu aliye ugenini.

"Tuko kwa nani?"

Kitinda akacheka, akidhani ni mzaha. "Kwako, baba!"

"Ahaa." Mzee akatabasamu upande ambao hapakuwa na mtu. "Hongereni wanangu. Pazuri. Pananukia upya." Akabaki amesimama vilevile mpaka mtu akamshika mkono kumpeleka kwenye kiti.

Bi Pindo aliliona hilo. Aliona pia macho ya Kifungua, yamevimba kwa kukesha, na magoti ya suruali yake yamepauka kwa vumbi la gundi. Akanyamaza. Aliinyamazia siku hiyo, na iliyofuata. Kwa mtu kama yeye kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kushona pazia la ukumbi.

Siku zikaenda, na nyumba ikawa na neno moja: nani. "Nani? Nani huyo?" Mlango wa chuma haukusema kitu, na watu walimtokea mzee kama ajali. Alasiri moja Mama Magunia aliingia, akasimama mbele yake akishangaa vigae, hakusalimu. Mzee aliposikia mtu anapumua karibu na uso wake aliruka, chai ikamwagika mapajani.

"Shemeji, ni mimi tu! Jamani, mbona kama umeona jini?"

"Laiti ningeliona," akasema mzee, anajipangusa.

Kisha akaanguka. Matone machache ya maji karibu na pipa, kwenye saruji yangenyonywa. Kwenye kigae yalimngoja. Aliangukia mkono, kifundo kikavimba kama andazi. Baada ya hapo hakuinuka tena mwenyewe. Alikaa pale alipokalishwa. Hakuchemsha chai, hakuiunguza. Alikuwa akienda uani chooni bila msaada wa mtu, sasa alijizuia mpaka mkewe arudi, na asubuhi moja, Bi Pindo akiwa anafunga mfuko wake wa kazi, alimsikia anasema:

"Samahani. Naomba unipeleke uani kabla hujaondoka."

Bi Pindo aliuweka mfuko chini.

"Samahani ya nini?"

"Sitaki kukusumbua."

"Umenikanyaga? Umeniibia? Samahani ya nini, nakuuliza!" Sauti ilikuwa imeanza kupanda na hakuizuia. "Nisumbue! Niliolewa nisumbuliwe! Miaka yote umenisumbua hukuomba ruhusa, leo ndio unajifanya mpangaji?"

"Mke wangu, mbona unafoka? Nyumba nzuri hii."

"Nzuri kwa nani? Kwa nani, mume wangu?"

Bi Pindo alimshika mkono akampeleka. Mkono wa mumewe ulikuwa umemng'ang'ania kwa nguvu, mkono wa mtu anayevuka barabara asiyoijua, na walikuwa sebuleni kwao.

Siku hiyo hakwenda kutundika pazia la mtu. Alimpigia simu Kifungua, akamwambia maneno mawili: "Njoo sasa."

Kifungua alikuja na vifaa vyake begani, akidhani kuna kigae kimelegea.

"Vyote vimelegea," mama yake akamwambia. "Ng'oa."

"Ning'oe nini?"

"Sakafu. Nirudishie sakafu yangu."

Kijana alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake. "Mama. Watu wanalilia vigae. Kuna mtu kanipigia magoti nimtandikie kwa mkopo. Wewe unataka ning'oe?"

"Baba yako anaomba ruhusa ya kwenda chooni nyumbani kwake! Umeona? Alikuwa anajua kila mahali kwa mguu. Ufa, kibonde, lile pindo pale katikati..."

"Pindo gani?"

"Lile tuta!"

Kifungua akashusha mfuko wa vifaa. "Lile tuta nililikata kwa tindo, mama. Huwezi kutandika juu ya kitu kama kile. Na sakafu yote nimeiparua, lazima uiparue, gundi ipate pa kushika. Nikiving'oa, huko chini hakuna sakafu. Kuna majeraha matupu."

Bi Pindo alikaa. Akamsimulia kisa cha saruji iliyoisha, na nusu ya udongo, na maneno aliyoambiwa siku ile. Alimsimulia akiwa amekunja uso na kwa sauti ya kugomba, kama anamsomea mashtaka. Alipomaliza, Kifungua alikuwa amebadilika rangi. Na hasira, kumbe, hata yeye alikuwa nayo.

"Mimi ningejuaje?" akasema. "Tangu nizaliwe sijakusikia unasema neno moja zuri juu ya nyumba hii. Moja! Kila jioni mlango, kila jioni sakafu, kila jioni kwa watu kunang'aa. Nimekula hapa nikijiambia, siku nikiweza, mama yangu hatalia tena na sakafu. Wewe ndiye uliyeniagiza, mama. Uliniagiza kila siku!"

Ingekuwa uongo angemcheka. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimchoma mahali ambapo hakuna mteja wala mume aliyewahi kumfikia.

"Toka," akamwambia.

Akatoka. Mlango wa chuma ulijifunga nyuma yake bila hata kuonyesha kwamba mtu ameondoka kwa hasira. Hilo nalo likamuudhi Bi Pindo kupita kiasi. Mlango gani huo, usiojua hata kugombana?

Ndipo alipokumbuka kuuliza: wa zamani uko wapi?

Ulikuwa kwa Mama Magunia, umelazwa juu ya mawe, umebeba magunia ya mkaa yasilowe. Bi Pindo aliukuta hivyo, mweusi, kitasa kimetazama juu kama pua ya mgonjwa.

"Shoga, shusha magunia yako."

"Sishushi. Mwanao alinipa."

"Alikupa kisichokuwa chake."

"Wewe si ulikuwa unautukana kila jioni? Mtaa mzima tunajua saa kwa matusi yako! Mimi nimeuokoa. Hapa umepata heshima."

"Mlango wangu, nautukana mimi. Hakuna mwingine. Shusha."

"Nitaweka wapi mkaa wangu? Kichwani?"

Bi Pindo akatazama magunia, akatazama kibanda cha jirani yake, kipande cha gunia kikipepea dirishani. Akarudi nyumbani, akayashusha mapazia yote ya zambarau, akayafunga pamoja na bomba, akaja akayatupa mbele ya mwenzake. "Na mbao za kuwekea mkaa nitakutafutia. Haya."

Mama Magunia akalishika pazia, akalipapasa, akajifanya anafikiri. "Pindo lake likoje?"

"La kuaibisha. Nitakushonea upya, ilimradi usimwonyeshe mtu."

Waliubeba mlango wawili, wakakatiza mtaa, mmoja mbele mmoja nyuma, wakirushiana lawama. "Inua upande wako!" "Wewe ndiye unayeburuza!" "Mlango mzito kama ulimi wako!" Wakaufikisha, wakauegemeza ukutani. Bi Pindo hakungoja hata kupumua. Alikwenda chini ya kitanda akatoa nyundo ya mumewe, na bisibisi aliyokuwa akifungulia makopo ya rangi, akapiga magoti mlangoni, akaanza kuvunja.

Hakujua kuvunja. Mkono uliozoea mkasi ulipiga hovyo, vipande viliruka, kimoja kikamkata kidevuni. Akazidi kupiga. Alipiga kigae, akapiga samahani ya mumewe, akapiga ile kweli ya mwanawe, na midomo ilikuwa inakwenda muda wote. Mama Magunia alirudi nyuma, akatoa simu.

"Njoo haraka, mwanangu," akasema. "Mama yako anaua vigae vyako."

Kifungua alifika akihema. Alisimama juu ya mama yake, akatazama mabaki yake aliyoyaomba nyumba kwa nyumba, yamekuwa chenga. Mama Magunia alifumba macho akingoja mlipuko.

"Unavunja vibaya!" Kifungua akapiga kelele. "Vibaya kabisa! Nani anaanzia katikati? Anzia kwenye maungio! Lete hapa!"

Akampokonya nyundo, akatoa tindo lake, akapiga magoti pale alipopiga magoti mama yake. Kigae kikatoka kizima. Na kingine. Yeye alitoa, mama akapokea, akapanga kando, wote wamenuna nyuso zilezile, hata mgeni angejua nani kamzaa nani.

Kutoka kwenye kiti Mzee Rangi akaita, "Kuna nini huko?"

"Mkeo anabomoa nyumba!" Mama Magunia akamjibu.

Mzee alisikiliza kidogo: nyundo, tindo, mkewe akiilaani bisibisi. Uso wake ukalegea.

"Basi," akasema, "tuko kwetu."

Kifungua alitoa vigae vya mlangoni, kwa umbo la nusu duara mlango unapopita, akautoa ule wa chuma, akaurudisha wa mbao kwenye bawaba zake. Chini saruji ilikuwa na makovu ya tindo kama alivyosema. Kisha akaenda katikati ya nyumba, akapima kwa macho, akatoa mstari mmoja wa vigae kutoka ukuta hadi ukuta. Pale akachanganya saruji na kujenga tuta. Ilimgharimu. Mikono yake ilikuwa imefundishwa miaka yote kusawazisha, na kila mara mwiko ulilipunguza tuta bila yeye kutaka, naye akaliinua tena, akijisonya.

"Akija fundi yeyote," akasema bila kumtazama mtu, "msiseme ni mimi niliyefanya hivi. Nitakosa kazi."

"Lipinde zaidi upande wa dirishani," baba yake akamwelekeza. Alikuwa amekalishwa hapo kwenye kigoda, mguu mmoja mbele, anajaribu. "Lilikuwa limekwenda kombo. Mimi si mwashi."

"Naona, baba."

Karibu na pipa aliweka vigae vya kukwaruza, vile vya barazani. Ufa haukuweza kurudi; hakuna fundi anayejua kutengeneza ufa. Vingine vilibaki vinang'aa. Kifundo cha mzee kilipona kikiwa kimepinda kidogo, na kwa wiki kadhaa alitembea mkono mmoja ukutani, akianza upya kama mtoto, akikosea, akijigonga, akitukana. Lakini alitembea. Siku alipounguza chai tena, Bi Pindo aliinywa yote.

Kumwomba mwanawe radhi hakumwomba. Alijaribu, kwa njia yake. Kifungua alipokuja kula siku moja, mama alisimama na sufuria mkononi, akatazama ukuta, dari, tuta jipya, akasafisha koo.

"Hii nyumba," akasema.

Wote wakangoja. Kifungua aliacha kutafuna.

"Hii nyumba ina vumbi," akasema Bi Pindo, akampakulia mara mbili.

Jioni moja alirudi kazini akiwa na mzigo wa kitambaa kizito, jasho limemkauka mgongoni. Alikuwa ametoka kwenye nyumba yenye vyumba vingi ambamo watu wawili walikuwa wanaishi kwa kupigiana simu. Alitega bega akausukuma mlango.

Khra-ra-raaap. Ulikuwa umepata kigugumizi kidogo, kwa sababu ya makovu ya tindo.

"Umechoka," Mzee Rangi akasema kutoka ndani, anakuja, mguu wake ukilitafuta pindo, ukalipata, ukalivuka. "Una njaa. Na kuna mtu kakuudhi."

Tusi la mlango lilikuwa limeshafika mdomoni, limejipanga, limekamilika. Bi Pindo aliegemeza paji la uso kwenye mbao, akanusa mkaa ambao haukutaka kutoka. Alipojibu, alijibu kwa sauti ndogo ambayo huenda hata mumewe hakuisikia.

"Leo hakuna aliyeniudhi."